A Tribe Called Quest: walirudi kweli?

Mkuu, umeuliza kama kundi la hip-hop la A Tribe Called Quest walirudiana kwa mapenzi ya muziki au kwa sababu ya hela. Mapenzi, nakuhakikishia. Vijana hao wa Queens, New York, walianza na albamu ya 1990, ila The Low End Theory ya 1991 ndiyo iliyowapaisha. Mpaka gwiji wa jazi Ron Carter aliwapigia besi kwenye wimbo mmoja. Wakavunjika 1998. Mwisho wa 2015 wakapatana, wakarekodi albamu mpya nyumbani kwa Q-Tip, rapa wa kundi hilo, ana kwa ana. Rapa mwenzake Phife Dawg, aliyeugua kisukari miaka mingi, akafariki Machi 2016. Albamu ikatoka Novemba, ikashika namba moja Marekani. Hadi leo Phife akianza kuchana humo, mimi nanyamaza kabisa.