Maswali Yenu: Filamu moja, nyumba tatu

SWALI: Mimi niko Mombasa, dada zangu wako Tanga na Muscat. Jumamosi tunatazama filamu moja huku tunachati WhatsApp. Mmoja hutangulia na kutumwagia uhondo. Nikiwaonyesha skrini yangu kwa simu ya video, wanaona giza tupu. Tufanyeje?

JIBU: Giza hilo si ubovu wa simu. Huduma kama Netflix hulinda filamu zake zisinakiliwe, hivyo skrini ikirushwa kwa mwingine picha huzuiwa. Kila nyumba icheze nakala yake.

Kupishana kuna sababu mbili. Ya kwanza ni intaneti: filamu ikikwama sekunde 20 kwako, wenzako wanaendelea. Sitisheni wote kwenye 00:01:00, mmoja ahesabu kwa ujumbe wa sauti, kisha bonyezeni pamoja. Kila nusu saa andikianeni dakika mliyofika. Ya pili hufichika: nakala ya picha 25 kwa sekunde huikimbia ya picha 24, na filamu ya dakika 100 huisha kwa 96. Linganisheni urefu kabla ya kuanza. Ukitofautiana hivyo, hakuna kuhesabu kutakakowaokoa. Tafuteni nakala zenye urefu sawa.

Chatini kwa simu nyingine, si ile inayoonyesha filamu, maana arifa hufunika maandishi ya tafsiri. Anayetangulia aandike dakika kwanza, mfano “48:10”, ndipo aseme lake. Na wa Muscat akumbuke: saa tatu usiku yenu ni saa nne kwake.