Lori la Spana Limefika: Maswali ya Mafundi wa Ughaibuni

Kwa msomaji asiyeujua utaratibu huu: Marekani, fundi wa gereji huajiriwa pamoja na spana zake. Mwajiri anaweka lifti, kompresa na mashine kubwa. Spana, soketi, bisibisi na kabati la kuzihifadhia ni juu yako. Na kwa kuwa fundi hana muda wa kwenda dukani, duka linamfuata. Mara moja kwa wiki, siku ileile na karibu saa ileile, lori lililopangwa vifaa toka sakafuni hadi darini huegeshwa mlangoni, honi inalia, na mshahara unaanza kuyeyuka. Mimi ni fundi hapa Columbus, Ohio, na nilipoomba maswali safari hii, zaidi ya nusu yalimhusu jamaa wa lori.

Kaka fundi, racheti (mpini wa kuzungushia soketi) ya nusu inchi kwenye lori ni dola 150. Dukani nimeona ya dola 40. Tunaibiwa? (Fundi mpya, Houston)

Huibiwi, ila lazima ujue unalipia nini. Jamaa wa lori hajaajiriwa na kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni. Amenunua haki ya kuuza bidhaa zake kwenye eneo lake. Lori ni lake, mafuta ni yake, bima ni yake, mzigo ameununua yeye. Kuanza tu kunahitaji mtaji unaozidi dola laki moja, na mara nyingi aliyemkopesha ni kampuni ileile inayomuuzia mzigo. Huyo ni machinga, isipokuwa meza yake ina injini. Ziko kampuni nne kubwa zinazoendesha biashara kwa mtindo huu: Snap-on ya Kenosha, Wisconsin, halafu Matco, Mac Tools na Cornwell, zote tatu za hapahapa Ohio. Makao ya Mac Tools yako Westerville, pembeni kabisa ya mji wangu, kwa hiyo nikilalamika sana nitasikika.

Kwenye ile dola 150 kuna chuma kizuri, kuna kuletewa mlangoni, kuna kubadilishiwa ikivunjika, na kuna mali kauli: unachukua leo, unalipa kidogokidogo kila wiki bila riba. Ukivitumia vyote vinne, bei inaeleweka. Ukitaka chuma peke yake, nenda dukani. Mimi kwenye lori nanunua spana za ringi za nati za mabomba ya breki, kwa sababu ya bei rahisi ikila kona za nati utajuta mchana kutwa, na racheti ya kichwa chembamba yenye meno mengi kwa sehemu ambazo mkono haupiti. Nyundo, mitaimbo na soketi nyeusi za impakti (mashine ya kufungulia nati kwa kishindo) sijawahi kununua huko, na sitanunua.

Racheti yangu ilianza kuteleza. Jamaa aliichukua akasema wiki ijayo. Hii ni wiki ya tano. Waranti ya maisha ni maisha ya nani? (Fundi, Dallas)

Umenichekesha na umenitonesha. Nami niliwahi kumpa mtu spana ya 14 iliyopanuka mdomo, akaitia kwenye ndoo yenye spana nyingine za watu, na sikumwona tena. Miezi mitatu baadaye akaja jamaa mpya wa kampuni hiyohiyo. Namweleza, ananijibu, "Hukuinunua kwangu."

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Waranti imetolewa na kampuni, lakini mkono unaoitekeleza ni wa machinga. Akikubadilishia, anatoa kipya kutoka kwenye mzigo wake aliokwisha kuulipia, kisha anakirudisha kibovu kampuni na kungoja afidiwe. Siku zote hizo, fedha iliyolala ni yake. Kwa mteja anayenunua kila wiki atafanya hivyo akitabasamu. Kwa mteja aliyeingia lorini mara moja mwaka juzi, miguu inakuwa mizito. Si haki, lakini ndivyo lilivyo.

Pili, mafundi wengi hawasomi waranti inahusu nini. Spana na soketi hubadilishwa nzima. Racheti kwa kawaida haibadilishwi: hufunguliwa, hutiwa meno na springi mpya, na jamaa aliyejipanga anakuwa na vipuri hivyo lorini na kazi inaisha kwa dakika kumi. Kwa hiyo wiki tano kwa racheti ni uzembe, au hajaagiza kipuri. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mashine za betri, kompyuta za kusomea gari: hizo zina muda wake maalumu, wala usitegemee neno "maisha". Na ukitumia bisibisi kama patasi, mwenye lori akikukatalia usinitaje.

Sasa fanya hivi. Kuanzia leo usimpe mtu kifaa bila kukipiga picha, namba ionekane, na kumtumia ujumbe wa simu palepale: "Nimekupa racheti hii leo Jumanne." Ujumbe huo una tarehe. Ikipita wiki ya sita, usigombane naye. Piga simu ya huduma kwa wateja ya kampuni, waeleze, wape jina lake na picha. Kampuni zote nne zina ofisi hiyo, na machinga hapendi kabisa kupigiwa simu kutoka makao makuu. Zaidi ya hapo, kifaa unachokitumia kila siku kiwe na mwenzake wa dukani, hata wa dola 20. Siku tano bila racheti zinakugharimu kuliko racheti yenyewe, hasa sisi tunaolipwa kwa saa za kitabu, yaani saa ambazo kitabu kimeipangia kila kazi, na si saa tulizosimama.

Kaka, jamaa wetu wa lori aliacha kuja tangu mwezi wa pili. Nina deni lake la dola 640. Sasa mwingine amekuja, anasema nimlipe yeye. Nifanye nini? (Louisville, Kentucky)

Usimlipe mtu hata senti kabla ya kuona karatasi. Kwanza jua deni lako ni la aina gani, kwa sababu lorini kuna madeni mawili yanayofanana sura. Kuna lile la mali kauli, la kati yako na jamaa mwenyewe, ambalo fedha zake ndizo zilizokukopesha. Na kuna mkataba wa mkopo uliousaini, wenye riba, ambao mwenye deni ni kampuni ya fedha, na huo haukufa jamaa alipoondoka. Ukiacha kuulipa unaingia kwenye rekodi yako ya mikopo, na siku ya kutafuta nyumba utauona.

Dola 640 inanukia mali kauli. Machinga akiacha eneo, anaweza kuuza daftari lake la wadaiwa kwa anayemrithi, au kampuni inalichukua, au analibakiza mwenyewe. Mwambie huyu mpya akuletee maandishi yanayoonyesha deni lako limehamia kwake, likiwa na kiasi. Tafuta risiti yako ya mwisho: huandikwa salio chini. Kama salio lako ni 640 na yeye anadai 790, risiti ndiyo itakayosema. Ukilipa, lipa kwa njia inayoacha alama, si noti mkononi. Na deni ni deni, ndugu yangu. Kutoweka kwa mtu hakukufanyi uwe umelipa.

Mwenye lori ananidai dola 80, akifika anapaza sauti mbele ya mafundi wote na mteja. (Hakutaka kutaja mji)

Mfuate lorini kabla hajashuka, mlipe hata 20, na umwambie kwa upole kwamba akikutangaza tena mbele ya mteja hutanunua kwake mpaka mwisho wa dunia. Kisha mweleze bosi wako. Anaingia gerejini kwa ruhusa ya bosi, na ruhusa hiyo ndiyo riziki yake.

Kuna kabati la droo 14, rangi ya bluu, nimelipenda. Dola 8,000. Ananiambia ni dola 49 tu kwa wiki kwa miaka mitano. Nina mwaka mmoja kazini. Nichukue? (Des Moines, Iowa)

Hapana.

Ngoja nikueleze, maana najua rangi hiyo ya bluu inavyong'aa. Chukua kalamu. Dola 49 mara wiki 52 ni 2,548 kwa mwaka. Mara miaka mitano ni 12,740. Kabati la 8,000 limekuwa la karibu 13,000. Hiyo ni riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, nayo imejificha nyuma ya neno moja dogo, "tu". Nyumbani tunaijua mikopo ya namna hii na tumeipa jina: kausha damu. Tofauti ni kwamba kule anayekudai rejesho anakuja na daftari, huku anakuja na kofia ya bure na kalenda.

Angalia pia kilichonunuliwa. Kabati halifungui nati. Halikuingizii saa hata moja ya kitabu. Na chini ya mkataba wa mkopo, mara nyingi kabati lenyewe ndilo dhamana: ukishindwa, wanalichukua, na ulichokwisha kulipa hakirudi. Ukitaka kuhama gereji nalo, likijaa linaweza kuvuka nusu tani, na utakodi gari la kuvuta magari ili kubebea droo zako. Nimewaona watu wakibaki kwenye kazi wanayoichukia kwa sababu wanadaiwa kabati.

Nunua la dukani. Harbor Freight, duka la vifaa vya bei nafuu, wana ya chapa ya U.S. General yanayoanzia dola mia chache. Au tafuta la lori lililotumika, kwa mtu anayeacha ufundi. Makabati haya hushuka bei vibaya mno yakishatoka mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, na hapo hasara ya mwenzio ni nafuu yako. Lipa taslimu. Kama baada ya miaka mitano bado unaiota ile bluu, utakuwa na fedha ya kuinunua bila "tu".

Jambo moja zaidi, kwa wenye wadogo zao vyuoni: kampuni za lori huwauzia wanafunzi wa ufundi kwa punguzo kubwa, mara nyingine karibu nusu ya bei. Anayesoma bado anunue seti ya msingi wakati huo, si wiki moja baada ya mahafali.

Mimi ni fundi wa kike. Jamaa akija anawauliza wanaume wanahitaji nini, mimi ananiuliza kama nanunua zawadi ya mume. (Minneapolis)

Dada, hela yako nayo ina picha za marais walewale. Hapiti jamaa mmoja tu kwenye gereji moja, mara nyingi kampuni mbili au tatu zinagombania mlango huo. Hamia kwa mwingine, nunua kwake mbele ya huyu wa kwanza, na usimweleze chochote. Ataelewa.

Mwajiri ananitaka ninunue spana zote mwenyewe, na nalipwa karibu na kima cha chini. Ni halali? Na je, kodi inanirudishia? (San Diego)

Kwa California una bahati. Kanuni za jimbo zinasema mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi aje na vifaa vyake vya mkono ikiwa tu anamlipa walau mara 2 ya kima cha chini cha mshahara. Chini ya hapo, vifaa ni juu ya mwajiri. Nenda ofisi ya kazi ya jimbo na hati zako za malipo. Majimbo mengi hayana kanuni hii, kwa hiyo wasomaji wa Texas msikimbilie kwa bosi na gazeti mkononi.

Kuhusu kodi: tangu 2018, mwajiriwa hawezi kupunguza gharama za spana kwenye kipato kinachotozwa kodi ya serikali kuu. Aliyejiajiri anaweza, na ndiyo maana fundi mwenye gereji yake haogopi lori kama sisi. California na Pennsylvania bado zina nafasi kwenye kodi ya jimbo, kwa masharti. Kanada wana huruma zaidi: fundi mwajiriwa anaweza kupunguza hadi dola 1,000 za vifaa vipya kwa mwaka, gharama ikipita kiwango kilichowekwa na mwajiri akimjazia fomu ya T2200. Tunza risiti za lori kwa vyovyote. Zitakusaidia pia siku gereji ikivunjwa, maana bima ya gereji mara nyingi haigusi kabati lako, na mwenye bima atakuuliza: ulikuwa na nini humo?

Mjomba wangu wa Minnesota anataka kuniletea seti ya spana za lori, zimetumika. Zikivunjika hapa Kirinyaga Road nitazibadilisha wapi? (Nairobi)

Hutazibadilisha. Waranti kwa maandishi ni ya mnunuzi wa kwanza, na mlango wake ni lile lori, ambalo halifiki Kirinyaga Road. Utamsubiri mjomba arudi nayo ikiwa imevunjika, na mjomba naye atamsubiri jamaa wa Jumanne. Zichukue tu, chuma chake kitakuzika.

Mwambie azitie kwenye begi la kupakia, si la mkononi: uwanja wa ndege Marekani hauruhusu kifaa chenye urefu unaozidi inchi 7 ndani ya ndege. Na kabla hajalipa, aangalie namba zilizochorwa kwenye spana. Seti nyingi zilizotumika huku ni za inchi, na Probox haina nati ya inchi hata moja. Hizo amwachie jirani yake mwenye Ford ya zamani, akuletee za milimita, kuanzia 8 hadi 19.