Galápagos na mama asiyeiweza bahari

Dada, nimekuelewa: mna wiki moja Galápagos, visiwa vya Ecuador, mama ana miaka 68 na hutapika hata kwenye kivuko, hujui mchukue meli ya kulala mkizunguka visiwa au mlale nchi kavu. Laleni nchi kavu, kisiwani Santa Cruz. Mimi nilivuka kwenda kisiwa kingine, Isabela, kwa boti mwezi wa nane. Saa mbili za kurushwarushwa, mwenzangu kakumbatia ndoo njia nzima. Juni hadi Novemba bahari huwa baridi na imechafuka. Nendeni Machi au Aprili, ingawa jua litawachoma.

Kobe wakubwa mtawaona huko huko nyanda za juu, wakitafuna majani kama ng'ombe. Ukimkaribia anavuta kichwa ndani, hsss! Kaeni umbali wa mita mbili. (Zamani mabaharia waliwabeba hai melini kama kitoweo.)

Wekeni taslimu: tangu Agosti 2024 kiingilio cha hifadhi kwa mgeni mtu mzima ni dola 200. Matunda na mbegu msibebe, mizigo hukaguliwa. Dawa ya kichefuchefu mama asimeze kabla ya kumwona daktari, hasa kama anatumia dawa za presha. Hapo hapo mwulizeni kuhusu chanjo ya homa ya manjano.