Maswali ya Wasomaji: Je, Stamina Yangu Imeshuka Msimu Huu?

SWALI: Salamu nyingi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na huu ni mwaka wangu wa pili kucheza hoki ya barafuni pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Msimu ulipoanza nilizunguka koni mara sita kwa sekunde 92, lakini wiki jana nilitumia sekunde 94, na uzito wangu umeongezeka kwa kilo 2. Hata hivyo, tukikimbia barabarani bado nawaacha wenzangu wote. Kocha anasema nimeshuka. Je, ni kweli?
Msomaji, South B

JIBU: Kwa vipimo hivyo pekee, hakuna awezaye kusema umeshuka wala kwamba hujashuka, na ningependa wewe na kocha wako mlielewe jambo hilo kabla ya kubadilisha mazoezi. Visu vya chini ya viatu vyako vya kutelezea vilinolewa lini? Barafu ilikuwa imetoka kusawazishwa, au ilikuwa imekwisha kuchimbwachimbwa na watoto waliotangulia kuteleza? Koni ikisogezwa hata hatua moja tu, sekunde 2 zimepotea. Rudia jaribio hilo mara mbili katika wiki moja, saa ileile, baada ya kupumzika siku nzima. Tofauti utakayoiona kati ya siku hizo mbili, ambapo mwili haujapata muda wa kubadilika, ndiyo kosa la jaribio lenyewe. Ikifika sekunde 2, basi zile ulizopoteza hazithibitishi chochote.

Kuhusu kukimbia, usijipime kwa njia hiyo pekee. Mchezaji anayeteleza huinama, magoti yakiwa yamekunjwa muda wote, na misuli ya mapaja hukaza kiasi cha kupunguza damu inayopita humo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na pumzi nzuri barabarani huku mapaja yakimwaka moto barafuni. Isitoshe, mchezo wenyewe ni vipindi vitatu vya dakika 20, lakini mchezaji huingia kwa takriban sekunde 45 tu za nguvu zote, kisha hutoka kupumzika. Kinachohitajika zaidi ni kasi na uwezo wa kuirudia. Kwa hiyo teleza mbio fupi sita kwa nguvu zako zote, ukipumzika sekunde 30 baada ya kila moja, na uandike muda wa kila mbio. Mimi hutazama sana mbio ya sita imeachwa kwa kiasi gani na ya kwanza, maana hapo ndipo miguu iliyochoka kwa msimu mzima hujitokeza. Maabara ikipatikana, jaribio la Wingate, la kukanyaga baiskeli kwa sekunde 30 bila kujibakiza, nalo hufaa.

Kilo 2 zaweza kuwa misuli, mafuta au hata maji. Ili kujua kama ni mafuta, mpimaji abane mkunjo wa ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, auvute kidogo utoke kwenye msuli, kisha aweke koleo la kupimia: nyuma ya mkono, tumboni, pajani. Awe mtu yuleyule kila mara, upande uleule wa mwili, na kila sehemu ipimwe mara mbili.

Nakuomba pia usijilinganishe na takwimu za vyuo vya Marekani. Uwanja wetu ni mdogo kuliko ule wa kawaida wa takriban mita 60 kwa 26 hadi 30, hivyo unakata kona kabla hujafikia kasi yako ya juu. Na Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huwapunguzia watu kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia.

Lakini hofu ya kocha wako ina msingi. Msimu ukishika kasi, muda mwingi huenda kwenye mbinu na mechi, mazoezi ya vyuma huachwa, na mitihani ya chuo hula usingizi. Mjipime kabla ya msimu, katikati na mwishoni, na kando ya kila muda mwandike saa, hali ya barafu na siku viatu viliponolewa.