Re: Hivi maandamano yanabadilisha kitu kweli?
Mkuu umeuliza kama maandamano yanaleta mabadiliko au ni kula mabomu ya machozi tu. Yanaleta, ila nusunusu. Cheki Kenya, tarehe 25 Juni 2024 vijana wakaingia mpaka bungeni, kesho yake Rais Ruto akagoma kusaini ule muswada wa fedha wa kuongeza kodi, Julai akavunja baraza la mawaziri, sasa hapo utasema hawakupata kitu? Ila watu walikufa (hilo huwa mnaliruka) na yeye akabaki Ikulu. Sudan ndo balaa, Rais Bashir katolewa Aprili 2019 baada ya maandamano, 2021 wanajeshi wakapindua tena, 2023 vita. Ishu ni nani anashika usukani baada ya hapo. Huku Kigoma ukiwagusia mama zetu wa Kibirizi wanakujibu, we mwanangu tukiandamana dagaa ataanika nani, na siwalaumu.