Njia ya nyuma, kutoka Luchelele hadi kazini

Nakaa Luchelele, kazi yangu iko Butimba, zote hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Zamani nilipita lami na baiskeli yangu, nikifika kazini kichwa kimejaa honi na moshi wa malori. Asubuhi moja niliona wanafunzi wakikata njia kati ya mawe, nikawafuata. Tangu siku ile lami nimeiachia daladala na bodaboda.

Njia ya nyuma ni ndefu kidogo. Natoka saa kumi na mbili na nusu, na jua likichomoza ziwa linakuwa na rangi ya maziwa. Pimbi wameshapanda juu ya mawe kuota jua. Wazee ninaopishana nao nawaamkia "Mwangaluka," nao wanaitikia bila haraka. Hilo peke yake linanitosha kuianza siku.

Ukitaka kujaribu, jifunze udongo kwanza. Wasukuma wana majina yake, na yatakusaidia kuliko gia nyingi. Huku juu karibu na mawe ni luseni, mchanga wa mawe yaliyomomonyoka: mvua ikikatika, haukawii kukauka. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi. Ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwa hiyo Machi hadi Mei mimi hupita juu, hata kama nitashuka na kusukuma mahali fulani. Kusukuma baiskeli si aibu.

Luseni nayo ina hila yake: kwenye mteremko inateleza kama punje za mtama sakafuni. Punguza mwendo kabla ya mteremko kuanza, breki ya mbele uiguse taratibu. Tairi ziwe pana, upepo upunguze kidogo tu. Ukizidisha, jiwe litaibana tyubu kwenye ringi. Beba viraka, gundi na pampu, maana miiba ipo. Shati la kazini liweke kwenye begi.

Siku nyingine wadudu wa ziwani hupanda angani kama moshi. Funga mdomo, vaa miwani, pita.

Jioni ndiyo naipenda zaidi. Usiku wa giza la mwezi ukikaribia, nashuka kwenye jiwe la mwisho kabla ya nyumbani, naegemeza baiskeli, natazama mitumbwi ya dagaa ikitoka. Taa zinawashwa moja moja, mpaka ziwa lote linakuwa kama mtaa.