Barua kwa mwanangu: kwanza jifunze kumlisha mgonjwa

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu, mara ya mwisho nikichambua mboga za managu. Unauliza uende Chuo Kikuu cha Kenyatta ukasome shahada ya lishe kwa miaka minne, au uchukue ile kozi ya mtandaoni ya lishe ya michezo ya miezi sita, uanze kazi kwenye kambi ya wakimbiaji kabla ya Krismasi. Ukaongeza kwamba umetimiza miaka 24 na wenzako wameanza kujenga. Hao wenzako waache wajenge.

Nitakujibu kama mpishi. Unajua mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku Iten na ndoa. Nilipofika, hata mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, sikujua inanywewa au inapakwa. Lakini miaka 16 nimewasongea wakimbiaji ugali, na kuna mambo nimeyaona kutoka jikoni.

Kuna msichana mmoja, jina nalihifadhi, aliyekuja kambini akiwa mwepesi kama swala. Mwaka wa pili akaanza kufifia. Zile mbio za Alhamisi za kupandisha na kushusha kasi akawa anabaki nyuma, anarudi uso umempauka, anachokonoa chakula. Kocha akasema ni mawazo ya nyumbani. Akaja kijana mmoja mwenye cheti cha lishe ya michezo cha majuma machache, akamuuzia mkebe wa unga wa protini. Mkebe ule uliniogopesha. Mwanariadha anajibu mwenyewe kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake siku akipimwa dawa zilizokatazwa michezoni, hata kama kilichanganyika kiwandani bila yeye kujua, na yule kijana hakumwambia hata neno moja juu ya hilo.

Mwishowe akaletwa mama mmoja mtaalamu wa lishe wa hospitali. Hakuuliza habari za mbio. Alimuuliza aliona siku zake mara ya mwisho lini. Miezi saba ilikuwa imepita! Sote tulikuwa tunakula naye meza moja na hakuna aliyejua. Akamuuliza anakunywa nini na chakula, kisha akamwandikia apimwe damu na akiba ya madini ya chuma. Kumbe binti alikuwa akijinyima ili abaki mwepesi, na chuma kimekwisha. Huku kwetu juu, mita 2,400 hivi, mwili hutengeneza damu zaidi na chuma huhitajika zaidi, nami nilikuwa nikimmiminia chai nzito ainywe pamoja na maharagwe kila mlo, na chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Daktari akampa vidonge, mama yule akamwongezea chakula, akaisogeza chai mbali na mlo, akaniagiza nimpe chungwa pamoja na mboga. Ilichukua miezi kabla hajarudi mbele.

Yule mama hakuwa na cheti hata kimoja cha michezo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa wenye kisukari, wajawazito na watoto wenye utapiamlo. Alijifunza kuuliza maswali kando ya vitanda vyao, na ndiyo sababu nakwambia nenda Kenyatta.

Ule utafiti ulionitumia mwaka jana, wa mtafiti wa Kenya Vincent Onywera na wenzake wa mwaka 2004, bado ninao kwenye simu. Walipima chakula cha wakimbiaji 10 kwa siku saba, wakakuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, na sukari ya kawaida peke yake inatoa asilimia 20. Nilicheka, maana ninajua mimi hununua kilo ngapi. Lakini namba hizo ni za kundi, na binti yule angepotea ndani yake. Hata hesabu ya gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa katika marathoni, utaishika kwa juma moja. Bayokemia, yaani kemia ya mwili, ndiyo itakayokutoa jasho. Ulipata C+ ya kemia bila kufungua kitabu. Safari hii ukifungue.

Tena kuna sheria. Tangu sheria ya mwaka 2007, mtaalamu wa lishe Kenya husajiliwa na KNDI, taasisi ya kitaifa ya wataalamu wa lishe, ndipo afanye kazi. Kabla hujalipa shilingi, popote pale, uliza kama kozi yenyewe inatambuliwa na KNDI. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka.

Michezo utaiongeza juu yake. Ukiwa chuoni, likizo njoo kambini ujifunze kupima miili. Kuna mafunzo ya ISAK, chama cha kimataifa cha wapima miili, ya kupima mafuta ya ngozi na mizingo, na ngazi ya kwanza ni ya siku chache tu. Baada ya shahada kuna diploma ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, miaka miwili, unasoma mtandaoni huku unafanya kazi. Marekani uliyoitaja, tangu Januari 2024 lazima uwe na shahada ya uzamili ndipo ufanye mtihani wao wa usajili. Iache kwanza.

Sitakudanganya kuhusu kazi. Kambi nyingi hapa hazina hela ya kumlipa mtu wa lishe; mimi mwenyewe mshahara wangu huja ukichechemea. Huenda ukafanya kazi hospitalini Jumatatu hadi Ijumaa, na wakimbiaji ukawaona Jumamosi. Kwa maoni yangu hiyo si hasara, ila najua si picha uliyokuwa nayo kichwani.

Omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, mapema. Kinachopungua, tutauza yule ng'ombe mweusi anayenipiga mateke, kwa hiyo usijihisi vibaya. Baba yako anauliza kama kuna somo la kupika, kwa kuwa wali wako bado anaukumbuka.

Mama yako